Kura ya Fataki

Mzee Onchari, aliyekuwa mpishi wa shule yetu, alizikwa Ijumaa iliyopita nyumbani kwao upande wa Nyamarambe, na hapo ndipo nilipomwona Nasra tena baada ya mwaka mzima na zaidi. Alikuwa amesimama kando ya hema la wageni, buibui lake jeusi limerukiwa na udongo mwekundu hadi magotini, anatafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki kando yangu. Aliniona, akafikiri kidogo, akaja. Tulisalimiana vizuri. Akaniambia anasomea uuguzi, nami nikamwambia bado nangoja barua ya chuo na kwa sasa nachuma chai na mama. Tulikula wali na maharagwe, tukakubaliana kwamba marehemu mwenyewe angeyapika vizuri zaidi. Kisha, mchungaji alipokuwa akipapasa mifuko yake akitafuta miwani, Nasra akaniuliza bila kunitazama, "Kwamboka, bado unaandikaandika?" Nikasema kidogo tu. Akacheka cheko la adabu, halafu nikaona amechukua mkoba wake uliokuwa kati yetu akauweka upande wa pili. Labda alikuwa anatafuta leso. Labda. Mimi nimekuwa mtu wa labda nyingi tangu mwaka ule wa kidato cha pili, na niliporudi nyumbani Itumbe jioni hiyo nilitoa daftari langu la wakati huo, lile la jalada gumu, nikaketi nalo jikoni. Nina miaka kumi na tisa, najua mtu wa umri wangu akisema zamani watu hucheka. Lakini mwaka ule uko mbali nami kuliko miaka minne.

Ulikuwa muhula wa tatu, katika shule ya wasichana huku Nyamira, na darasa letu lilikuwa lile la mwisho lenye dirisha lililozibwa kwa bati. Kiswahili tulifundishwa na Mwalimu Ombati, mtu mrefu mpole aliyependa kutunga ufahamu wake mwenyewe na kutuandikia ubaoni, kwa kuwa vitabu havikutosha. Siku hiyo alikuwa ametunga habari ya harusi mjini, na ndani yake vijana walilipua fataki. Akauliza fataki ni nini. Sisi wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni. Nyumbani tunasema Kigusii, na neno likikosekana tunalizunguka. Gesare, aliyelala kitanda cha juu yangu bwenini na ambaye hakuwahi kushindwa na swali, akasimama. "Mwalimu, ni mtu mwenye hasira za haraka."

"Umelitoa wapi hilo?"

"Nimekisia tu, mwalimu. Linasikika hivyo."

Tulicheka. Mwingine akasema ni samaki. Ndipo Nasra akainua mkono. Nasra alikuwa wa mjini Kisii, baba yake ana duka la vitambaa, na kwao Kiswahili ndicho wanachoamka nacho. Alisema, nami nililiandika neno kwa neno: "Fataki ni baruti kidogo iliyofungwa ndani ya karatasi ngumu. Ina utambi. Ukiuwasha unakimbia, ndipo inalia. Zikiunganishwa pamoja kama shanga zinalia moja baada ya nyingine mpaka zinaisha. Zile zinazopaa juu na kuchanua kama maua, hizo sisi tunaziita fashifashi, siyo fataki. Fataki haina kitu cha kuangalia. Kazi yake ni kelele."

"Kelele ya nini?" akauliza Mwalimu Ombati, na uso wake ulikuwa umefurahi.

"Ya furaha, mwalimu. Jirani yetu wa duka ni Mhindi, kila Diwali wanazilipua uani kwao. Sisi watoto tulikuwa tunaitwa kuja kuangalia. Wanatupa na peremende."

Alipigiwa makofi. Nyuma yangu Gesare akanong'ona, "Kwao hata kelele ina majina mawili." Watu walicheka tena, na nadhani nami nilicheka, ingawa daftari halisemi.

Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kuliandika neno lile kwa makini. Wiki chache kabla yake, siku ya kufungua shule, nilipitia kwao mjini ili twende shuleni pamoja, kwa maana nilikuwa naogopa kuingia peke yangu na sanduku langu la bati lililobonyea. Walikaa nyuma ya duka. Ilikuwa nyumba ya vyumba virefu vyenye giza kidogo, mazulia, harufu ya ubani na ya vitambaa vipya, na saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda mbele kwa robo saa makusudi ili baba yake asichelewe. Mama yake alitupikia wali na mchuzi wa nyama, akanisukumia vipande vikubwa akisema mtoto wa bweni hashibishwi na maneno. Nilikula kwa aibu, polepole, kama ninavyokula kila mahali. Nilipoenda kunawa mikono nilipita mlango wa stoo, na ndani yake niliona boksi jekundu lenye picha ya jogoo na maandishi nisiyoyajua, na juu yake mengine matatu ya namna hiyo. Nasra alikuwa nyuma yangu. Aliniona nikiangalia, akaunyosha mkono na kuufunga ule mlango, bila haraka, kama mtu anayezuia upepo. Nikiwa bado nanawa nikamsikia mama yake jikoni akisema kwa sauti ya chini, "Asione yale maboksi ya jirani, Nasra. Siku hizi yanataka kibali, na watu wakiona kitu wanaongea." Nasra akajibu, "Ameshaona." Kisha sauti ya kijiko kwenye sufuria. Nilirudi mezani, nikanywa chai, na maboksi hayakutajwa. Kwa hiyo siku ya somo, Nasra alipoeleza utambi na karatasi ngumu, nilijua ni picha gani iliyokuwa kichwani mwake, na nilijua kwamba yeye anajua kuwa najua. Alipoketi alinigeukia kidogo. Niliinamia daftari.

Mwezi wa kumi mvua ilinyesha kiasi kwamba daraja la kwenda shuleni lilikatika na lori la kuni halikufika. Tulikula githeri, maharagwe na mahindi yaliyolia menoni kwa ubichi. Mzee Onchari, tuliyemwita Tata kama tunavyowaita baba zetu kwa Kigusii, alikuwa mtu wa gambuti na maneno machache, na alikuwa na tabia ya kuniwekea ukoko wa ugali kwenye kibakuli cha bati kwa sababu aliona mimi hukaa wa mwisho mezani. Wiki ile hata yeye alikuwa na hasira. Jumamosi, saa nne, tulikuwa ukumbini kwa chai na nusu mkate, na watu wote walikuwa wachangamfu kwa sababu hatimaye chai ilikuwa imechemka kweli. Ndipo ukatoka mlio jikoni, mmoja, mkubwa, wa kupasua, halafu miwili iliyofuatana. Lazima mjue kwamba muhula ule kulikuwa na minong'ono ya migomo katika shule za jirani, na walimu walikuwa wametuonya karibu kila asubuhi. Hakuna aliyengoja kufikiri. Madawati yalipinduka, watu mia kadhaa wakaenda mlango mmoja, na Kerubo, msichana mdogo wa kidato cha kwanza, akaanguka kizingitini na mkono wake ukavunjika. Nilimsikia akilia kwa sauti nyembamba kama ya mwana-kondoo. Mimi sikukimbia. Si kwa ushujaa. Nilibaki nimesimama nikitazama dirisha la kugawia chakula, na nyuma yake, ndani ya moshi, nilimwona Mzee Onchari ameshika kijiti cha kuchochea moto, mdomo wazi, halafu akaufunga mdomo na akakipeleka kile kijiti nyuma ya mgongo wake.

Uani, watu walipokuwa wamesongamana kwenye matope, mtu akasema, "Ni fataki." Mpaka leo sijui ni nani. Ninachojua ni kwamba wiki tatu kabla yake hakuna aliyelijua neno hilo isipokuwa mmoja, na sasa lilikuwa mdomoni mwa kila mtu kabla chai haijapoa. Fataki imelipuliwa. Nani ana fataki. Hata mlinzi aliyekuwa getini, ambaye hakuona kitu, aliwaambia walimu ni fataki, tena za kutoka mjini. Ilipofika saa ya chakula cha mchana, naibu wa mwalimu mkuu, Madam tuliyemwogopa kuliko mwalimu mkuu mwenyewe, alikuwa ameshalitia katika tangazo: msichana aliyeleta fataki shuleni ajitokeze mwenyewe, la sivyo akipatikana atakwenda nyumbani na hatarudi. Hakujitokeza mtu. Walipekua masanduku yetu yote. La Nasra walilipekua mara mbili, hata pedi zake walizifungua moja moja mbele ya bweni zima, na hawakupata kitu. Na kule kutopata kitu kukageuka kuwa ushahidi. "Ameshazificha," Gesare alisema usiku huo huo kabla taa hazijazimwa. "Mtu asiye na makosa hukutwa na kitu kidogo. Hata mimi nimekutwa na kioo."

Shule nyingi za huku zina desturi moja, ambayo sijui kama wazazi huijua vizuri. Kosa likifanyika na mwenye kosa asipatikane, walimu huleta kura ya siri. Kila msichana anapewa kipande cha karatasi, anaambiwa aandike jina la anayemshuku, asiandike lake mwenyewe, akunje, atie kwenye kikapu. Huulizwi umejuaje. Huulizwi umeona nini. Wanasema ni ili tusiogopane. Jumatatu tulikaa ukumbini kwa mistari, umbali wa mkono mmoja kati ya mtu na mtu, na Madam akapita na mkasi akikata karatasi za mazoezi zilizotumika upande mmoja. Yangu ilikuwa na nusu ya hesabu ya mtu mwingine, iliyopewa alama ya kosa. Usiku uliotangulia Gesare alikuwa ameinamisha kichwa kutoka kitanda cha juu, nywele zake zikining'inia, akaniambia, "Wewe utaandika nani?"

"Sijui."

"Hujui aje? Kila mtu anajua. Nani alitufundisha vile inawashwa? Ati unauwasha, unakimbia. Mtu anajuaje kukimbia kama hajawahi kuwasha?"

"Alisema walikuwa wanaangalia tu."

"Haya. Wewe ni rafiki yake, andika mwingine. Lakini jua wanaangalia mwandiko. Ukiandika jina la peke yako wataona unamfichia mtu."

Nimejaribu kumtwika Gesare lawama yote ya jambo hili, na haitoshi. Nilikuwa nimeliona boksi. Nilikuwa nimeusikia mlango ukifungwa. Nilimshuku Nasra kweli, kwa moyo wangu wote, na wakati huohuo nilijua mlio niliousikia haukuwa ule aliotueleza, wa moja baada ya nyingine kama shanga. Mambo yote mawili yalikuwa ndani yangu, na mkono wangu ukaandika: Nasra. Nililiandika kwa herufi kubwa zisizo zangu. Yeye alikuwa mistari miwili mbele, na nilimwona ameishika kalamu muda mrefu juu ya karatasi yake. Hatukuambiwa majina mengine. Tuliambiwa tu, siku iliyofuata, kwamba jina moja lilijaza kikapu, na kabla ya saa sita baba yake Nasra alikuwa amefika, amesimama nje ya ofisi na kofia yake mkononi, akisema, "Lakini mmemkuta na nini, Madam? Nionyesheni kitu," na Madam akimjibu, "Wenzake ndio wanaomjua, mzee." Nasra aliambiwa akae nyumbani mpaka bodi ya shule ikutane baada ya likizo fupi. Alipopita karibu na darasa letu na sanduku lake, mtu akaita kutoka dirishani, "Fataki, safari njema." Hivyo ndivyo jina la kitu lilivyokuwa jina la mtu. Kabla ya wiki kuisha nilisikia watoto wa kidato cha kwanza wakitishana nalo, nitakufanya Fataki, kumaanisha nitakupigia kura.

Nilikwenda likizo nyumbani Itumbe na daftari ambalo sikulifungua. Siku ya pili, asubuhi, nilikuwa jikoni kwa bibi yangu nikimenya viazi vitamu. Jiko lake ni la mawe matatu, moshi unatokea chini ya paa, na kuni zilikuwa mbichi kwa sababu ya mvua ileile. Alikuwa anavunjavunja ua wa kitalu cha miche ya chai ulioangushwa na mvua, mianzi ya kijani kibichi bado, akaisukuma motoni bila kuipasua. Nikamwuliza kama leo ni siku ya soko. Kabla hajajibu moto ulipasuka kwa mlio uleule wa ile Jumamosi, nikarusha kisu, kuku wakatoka wote, na majivu yakaingia kwenye viazi. Bibi hakushtuka hata kidogo. Alikuwa amekunja uso kwa sababu ya majivu.

"Kwani wewe ni mtoto wa wapi?" akasema. "Ni mwanzi. Kila pingili ina hewa imefungiwa ndani, ikipata moto inatafuta mlango. Nimesahau kupasua, ndiyo maana."

Nilimwomba atie mwingine. Akanitazama kama anayetazama mgonjwa, lakini akautia. Tulisimama mlangoni sote wawili, tukangoja. Mmoja, mkubwa, kisha miwili.

Jambo lililonitia hofu halikuwa kwamba Nasra hana kosa. Lilikuwa kwamba nilijua mianzi ile ya shuleni ilitoka wapi. Chini ya uwanja wa shule kuna kijito, na kandokando yake chama cha mazingira kilipanda mianzi badala ya mikalitusi inayonyonya maji. Mwalimu mkuu mwenyewe alipanda shina la kwanza mbele ya wageni, kukawekwa kibao kwamba atakayekata atachukuliwa hatua. Niliporudi shuleni nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni. Mzee Onchari alikuwa anaosha sufuria kubwa, kichwa na mabega vimeingia ndani yake, na alipotoka na kuniona nadhani alijua.

"Tata," nikasema, "ile Jumamosi ulikuwa unachoma mwanzi?"

Alifuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nyumbani bibi yangu alichoma."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema lori halikuja, wasichana walikuwa wanalala na njaa, na yeye alikata mashina sita tu, ya upande usioonekana. Akasema ana miaka mingi shuleni hapo na hana mahali pengine. "Nikisema nimekata mianzi ya mwalimu mkuu, kesho nitakuwa Nyamarambe na gunia langu."

"Na Nasra?"

"Yule baba yake ana duka. Mtoto wa duka hupata shule nyingine." Halafu akaniangalia, na nikaona hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Moto ulikuwa unavuma nyuma yake. "Wewe sema ulichokiona, mwanangu. Kusema mwenyewe siwezi. Lakini wakiniuliza sitakuita mwongo."

Mimi sikuwa mtu wa kusema. Darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani kwa kuinua kidole na kusubiri nionwe. Nilimwandikia Mwalimu Ombati barua, kurasa mbili, nikaiweka chini ya rundo la vitabu vyake, na siku ya mkutano wa bodi, Ijumaa, akaja mlangoni mwa darasa akasema, "Kwamboka, barua haitoshi. Lazima waisikie." Mkutano ulikuwa katika chumba cha walimu. Meza ndefu yenye kitambaa cha maua, chai ya maziwa katika birika kubwa, mkate uliopakwa siagi ambao hakuna aliyeugusa, wazee wanne na akina mama wawili nisiowajua, wawakilishi wa wazazi kwenye bodi, mwalimu mkuu, Madam. Nasra na baba yake walikuwa wameketi kwenye viti viwili vilivyowekwa mbali na meza, kama watu wanaongoja gari. Nilisema nikiangalia birika. Nilisema kuhusu mwanzi na pingili na hewa, na kwamba fataki zikiunganishwa hulia moja baada ya nyingine lakini sisi tulisikia mmoja kisha miwili. Mzee Onchari akaitwa. Alikuja na gambuti zake, akazivua mlangoni, akasimama na soksi zenye matundu na kusema ndiyo, ni yeye, ni mwanzi. Mmoja wa wazee alicheka puani, akasema hata kwao ulishawahi kumfukuza mgeni mezani. Nilidhani mambo yamekwisha. Baba yake Nasra alikuwa ameanza kuinuka.

Madam hakuinuka. Alikuwa na bahasha ya kahawia mbele yake, akaifungua, akamwaga karatasi zile mezani, zikatapakaa kati ya vikombe. "Sauti tumeielewa," akasema. "Mpishi tutaongea naye. Lakini hizi? Wasichana wengi hivi, kila mmoja peke yake, hawakuambiana, wote waandike jina moja. Kama hana kitu, wameliandikaje? Mimi nawauliza wazazi. Labda siku ile haikuwa fataki. Lakini kuna kitu wanachokijua." Nikaona wale wazazi wanaziangalia karatasi, na mama mmoja akachukua moja, akaisoma, akaiweka, akachukua nyingine. Hata yule mzee aliyecheka alianza kuzisoma. Zilikuwa karatasi nyingi sana. Nami nikaiona yangu, ile yenye nusu ya hesabu, karibu na bakuli la sukari, herufi zake kubwa za uongo zikinitazama.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

Madam akauliza ipi. Nikanyosha kidole. Sikuwa nimewahi kumsikia Nasra akipumua, lakini wakati ule nilimsikia.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe ulimwandika," Madam akasema. "Rafiki yake. Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu analijua neno," nikasema. "Mwalimu aliuliza fataki ni nini, na yeye ndiye aliyejua. Sisi wengine hatukujua. Basi ilipolia tukamwandika yeye."

"Hilo tu?"

Boksi lilikuwa pale mbele yangu, jekundu, na jogoo wake. Kama ningelitaja, ingawa halikuhusika na lolote, ningekuwa nimempa Madam kile alichokuwa anakitafuta kwenye karatasi zote zile. Na kama nisingelitaja, ningekuwa nimesema nusu mbele ya watu walioamini kwamba sasa nasema yote. Nasra alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anangoja tu kuona mimi ni mtu gani.

"Hilo tu," nikasema.

Mwalimu Ombati alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali lile, na kama kujua jibu ni kosa basi aandikwe yeye. Waliongea saa nzima baada ya sisi kutolewa nje. Mwishowe Nasra akaruhusiwa kurudi darasani, Mzee Onchari akapewa onyo na kuambiwa apande mashina kumi na mawili, na karatasi, nilisikia, zilichomwa kwenye jiko lake. Watu bwenini waliniita wakili kwa wiki mbili. Gesare alisema siku zote alijua si yeye. Jioni ya mkutano, kwenye mfereji, Nasra alisimama kando yangu akiosha soksi zake. Maji yalikuwa membamba. Akasema, "Asante."

"Si kitu."

Akazikamua soksi mpaka hazina tone. "Umesema hilo tu."

"Ndiyo."

"Basi lisije likaongezeka," akasema, na akaenda. Halikuongezeka mpaka leo ninapoandika hapa, na yale maboksi, nilivyosikia, hayapo tena. Yule jirani alifunga duka akahamia kwa watoto wake. Hata Tanzania siku hizi, nasikia, fataki ni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, kwa hiyo neno lenyewe limeshaenda kufanya kazi nyingine. Lakini naelewa kwa nini mkoba ulihamishwa kule mazikoni.

Wiki ya mwisho ya muhula Mwalimu Ombati alikuja na ufahamu mwingine, na nadhani aliutunga kwa ajili ya Nasra. Ulikuwa juu ya mwali na jamaa zake, chakula kimepambwa mkekani, kimefunikwa kwa kawa. Akauliza kawa ni nini. Hakuna aliyeinua mkono. Alingoja, akatembea hadi dirisha lenye bati, akarudi. "Nasra?" akasema kwa upole. Nasra akasimama taratibu. Ile siku ya kufungua shule mama yake alikuwa ameinua kawa mbele ya macho yangu, ya ukindu yenye michirizi ya zambarau, akanifundisha jina lake, nami nikalikosea tukacheka sote watatu. Darasa zima lilikuwa limegeuka kumtazama, na Gesare alikuwa anatabasamu tayari.

"Sijui, mwalimu," Nasra akasema.

Akaketi. Mwalimu aliliandika neno lile ubaoni, akatuambia tukalitafute wenyewe, na vichwa vyote vikainamia madaftari. Mimi pekee sikuandika kitu.